Kawia ufike: Nilivyofundishwa kuvuka mto

Msomaji mpenzi, hebu nikuulize swali moja kabla hujageuza ukurasa. Mara ya mwisho ulipokuta maji yamefunika njia ya kwenda kwako, ulifanya nini? Ulirudi nyuma? Au ulikunja suruali, ukavua viatu na kujitoma kwa sababu watu wengine walikuwa wakivuka?

Mimi nilijitoma. Tena sikujitoma peke yangu. Nilikuwa nimembeba binti yangu mabegani.

Ilikuwa jioni moja ya mwisho wa Aprili 2024, katika msimu ule wa masika ambao hakuna Mkenya atakayeusahau upesi. Shule zilikuwa zimefungwa, na nilikuwa nimekwenda kumchukua mtoto kwa shangazi yake. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka sita. Kati yetu na nyumbani, huku kwetu Mwiki, kuna kijito ambacho siku za kawaida hata mbuzi hakitazami mara mbili. Jioni hiyo kilikuwa kimepanda juu ya kivuko cha saruji na kukifunika. Maji yenyewe hayakufika magotini. Kijana mmoja alikuwa akiwavusha watu kwa mkokoteni kwa shilingi hamsini, na wengine walikuwa wakivuka kwa miguu huku wameshikilia viatu mikononi.

Nilisita. Bwana mmoja aliyekuwa nyuma yangu akasema kwa sauti, "Mzee, unaogopa maji ya kuoshea miguu?" Watu wakacheka.

Kicheko hicho, msomaji, ndicho kilichonisukuma. Sikusukumwa na haraka, wala sikusukumwa na njaa. Niliona aibu.

Tulipofika katikati, mguu wangu wa kulia ulikanyaga mahali ambapo saruji ilikuwa imebomoka. Nilianguka kwa goti moja. Maji ambayo dakika moja iliyopita yalikuwa chini ya goti sasa yalikuwa yakinipiga kifuani, na yalikuwa na nguvu za fahali. Nilihisi vidole vya mtoto vikiziachia nywele zangu. Yule kijana wa mkokoteni aliruka, akamnyaka binti yangu kwa kofia ya sweta yake, kisha akanivuta mimi kwa ukosi wa shati. Kiatu changu kimoja kilikwenda na maji.

Tulipofika nyumbani nilimwambia mama yake kwamba tulinyeshewa, na kwamba kiatu kilinasa matopeni. Mtoto alinitazama. Hakusema neno. Lakini tangu siku hiyo alikataa kubebwa mabegani. Nikimwinamia, alikuwa akisema, "Nitatembea, baba."

Wiki zile magazeti na redio zilijaa habari za misiba. Mvua za Machi hadi Mei mwaka huo ziliwaua watu zaidi ya 200 humu nchini. Kila niliposoma habari za mtu aliyesombwa akivuka, nilijiona mimi. Wala haikuwa mara ya kwanza kwa nchi yetu kulia machozi ya aina hiyo. Desemba 4, 2021, basi lililokuwa limewabeba wanakwaya na jamaa waliokuwa wakienda harusini lilisombwa katika Mto Enziu, karibu na Mwingi, lilipojaribu kuvuka mahali palipofunikwa na maji. Watu zaidi ya 30 walikufa. Huko Naivasha, katika korongo la Hell's Gate, mafuriko ya ghafla yaliwachukua vijana saba waliokuwa matembezini Aprili 2012, na watu wengine saba Septemba 2019.

Basi mwenzangu mmoja kazini aliponialika katika chama chao cha kupanda milima, na kuniambia kwamba Februari 2025 wangefanya mafunzo ya kuvuka mito, nilikubali hata kabla hajamaliza kusema. Vyama vya namna hii si jambo geni kwetu. Mountain Club of Kenya, kwa mfano, ilianzishwa mwaka wa 1949. Chama chetu ni kidogo sana: wauguzi, makarani, walimu, mafundi wawili, na wanafunzi wa chuo ambao daima husahau kubeba chakula na daima hula cha wenzao. Kiongozi wetu ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Sote, hata wale ambao hawakuwahi kuketi darasani mwake, humwita Mwalimu.

Tuliondoka Nairobi alfajiri na mapema, tukapita Thika, Kenol na mji wa Murang'a, kisha tukashika njia ya milimani hadi bonde la Mto Mathioya. Mto huu hutoka katika milima ya Nyandarua, ambayo wengi huiita Aberdare, na maji yake huishia katika Mto Tana. Ulikuwa msimu wa kiangazi. Maji yalikuwa maangavu, na uliweza kuyahesabu mawe chini yake. Nikajisemea moyoni, "Ama kweli, hapa hata mtoto atavuka."

Mwalimu alitusimamisha ukingoni, akachukua kijiti kikavu na kukitupa majini. "Tembeeni nacho," akatuambia. Tukatembea. Baada ya hatua chache tukaanza kukimbia, na baada ya hatua nyingine chache kijiti kikatuacha. "Kijiti kikikushinda mwendo," akasema Mwalimu, "basi maji hayo si ya kuvuka kwa miguu. Huo ndio mtihani wa kwanza, na hauhitaji shilingi hata moja."

Kisha akatuuliza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito gani. Kina mama walijibu upesi, maana wanaijua kwa shingo zao: kilo 20. "Sasa," akaendelea, "chukueni mita moja tu ya ujazo wa maji ya mto. Hizo ni ndoo hamsini, zinakuja zikikusukuma kwa pamoja, na nyuma yake zinakuja nyingine hamsini. Na mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huwa mara nne." Maji yaendayo kasi, hata yakiwa ya kina cha sentimita 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zaweza kulichukua gari dogo, na sentimita 60 huchukua magari mengi, hata yale ambayo wenyewe huyaona kuwa vifaru. Nilikumbuka maji yaliyokuwa chini ya goti langu, nikanyamaza kimya.

Tulitembea kando ya mto kwa saa nzima bila mtu yeyote kulowa. Vijana wa chuo walianza kunung'unika. Lakini saa hiyo ndiyo iliyonifunza mengi. Tulifundishwa kwamba mahali mto ulipo mwembamba, ambapo sisi wa mjini tungekimbilia kwa kuona ng'ambo ni karibu, ndipo maji yalipobanwa yakawa na kina na kasi. Mahali pa kuvuka ni pale mto ulipojitandaza, ukawa mpana na wenye kina kifupi. Mto unapopinda, upande wa nje wa kona ndiko maji hukimbilia na kuchimba kingo, kwa hivyo hapo huepukwa. Na jambo ambalo sikuwahi kulifikiria kamwe: kabla ya kutazama unapovukia, tazama kwanza maji yanakokwenda. Ukianguka, yatakupeleka wapi? Kama chini kidogo kuna maporomoko, au mti ulioangukia mtoni, usivuke hapo. Maji hupita katikati ya matawi kama chai katika chujio. Wewe hutapita. Utabaki kama majani ya chai.

Hapo ndipo tulipokutana na nyanya mmoja aliyekuwa akifua nguo. Tulimwamkua, na Mwalimu akamwomba atueleze wao wenyeji huvuka vipi. Alicheka kwanza, kisha akanyosha kidole kuonyesha jiwe moja kubwa jeusi lililokuwa limejitokeza katikati ya mto.

"Lile jiwe mnaliona?" akauliza. "Mgongo wake ukionekana, tunavuka. Ukifunikwa, tunalala upande tulioko."

"Na kama watoto wako ng'ambo, shosho?" nikauliza mimi.

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama jua huchomoza usiku. "Mjukuu wangu, watoto wakilala njaa siku moja, asubuhi watakula. Mama yao akienda na maji, watakula nini?"

Msomaji, nimekwenda shule, nikapata na stashahada yangu ya uandishi wa habari, lakini sijawahi kusikia somo lililofupishwa vizuri namna hiyo.

Tuliingia majini mchana. Hebu nikueleze tulivyofanya, huenda likakufaa siku moja, ingawa nakuomba usijaribu bila mtu anayejua kazi yake. Viatu tulivivaa, maana mguu mtupu huteleza na kukatwa na mawe. Soksi tuliziweka katika mfuko wa plastiki pamoja na simu na nguo kavu. Suruali ndefu zilivuliwa tukabaki na kaptura, kwani kitambaa hushika maji nayo maji humshika mwenye kitambaa. Anayevuka peke yake hulegeza shanta lake na kufungua kamba za kifuani na kiunoni, ili akianguka aweze kulivua upesi lisimzamishe.

Mwenye kuvuka peke yake hushika fimbo imara na kuelekeza uso upande maji yatokako. Fimbo huiegemeza mbele yake, kisha huenda upande kwa upande kama kaa. Miguu miwili na fimbo ni nguzo tatu, na nguzo moja tu ndiyo huhama kwa wakati mmoja. Ukiinua mguu, fimbo na mguu wa pili hubaki palepale. Huruki, hukimbii, wala hupishanishi miguu. Nilijaribu. Katikati, maji yalipofika magotini, nilihisi mapaja yakitetemeka, si kwa baridi pekee. Nilimwona binti yangu. Mwalimu, aliyekuwa amesimama chini yangu kidogo, akasema kwa upole, "Fimbo kwanza. Sasa mguu. Fimbo tena." Nikafika.

Baadaye tukajifunza kuvuka kama kundi. Watu watano tulijipanga mstari mmoja unaofuata mkondo, wenye nguvu wakiwa ncha mbili za mstari, hasa ile ya juu ambako makali ya maji huvunjwa kwanza, na wepesi wakawekwa katikati. Kila mmoja alipitisha mkono nyuma ya mgongo wa jirani yake na kushika kamba za shanta lake. Wote tulitazama ng'ambo, tukapiga hatua kwa pamoja. Mwanafunzi mmoja mwembamba alipoteza mguu kabisa, lakini hakuanguka, maana tulikuwa tumemshika. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa umoja ni nguvu.

Mwisho tukafundishwa kuanguka. Naam, kuanguka nako hufundishwa. Mahali maji yalipotulia, tukiwa tumevaa jaketi za kuelea na wenzetu wakingoja chini na kamba mikononi, tulijiachilia mmoja mmoja. Ukichukuliwa na maji, lala chali, miguu itangulie mbele kule mto uendako, vidole vya miguu vikichungulia juu ya maji. Miguu ndiyo ikutane na mawe, si kichwa. Usijaribu kusimama maji yanapokimbia, kwa kuwa mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo utakulaza kifudifudi na kukushikilia hapo. Ogelea kwa mshazari kuelekea ukingoni, polepole. Na kamba ya kuokolea hushikwa kwa mikono tu. Haifungwi kiunoni kamwe, kwa sababu ikikazika maji humzamisha aliyefungwa.

Kabla hatujaondoka, Mwalimu alitukalisha chini ya mti na kutupa sheria ya mwisho ya chama. "Tukifika mtoni," akasema, "nitauliza kila mtu kama tuvuke. Mtu mmoja akisema hapana, hatuvuki. Hatumwombi sababu. Hatumcheki leo, wala hatutamcheka kesho garini."

Niliichukulia kuwa sheria nyepesi kuliko zote. Kumbe ndiyo iliyokuwa nzito.

Aprili 2025 tulikwenda matembezini katika msitu wa Aberdare, upande wa kusini, tukiongozwa na askari wa msitu. Asubuhi tulivuka kijito kimoja kwa kukanyaga mawe, tukicheka. Nikamkumbuka shosho, nikachagua jiwe moja lenye kuvu upande mmoja, nikaukariri mgongo wake. Mchana mvua ilisikika ikinguruma huko juu mlimani, ingawa sisi hatukupata hata tone. Tuliporudi kijitoni saa kumi za jioni, maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Majani na vijiti vilielea juu yake. Ukisikiliza kwa makini, ungesikia mlio wa mawe yakigongana chini. Jiwe langu halikuonekana.

Hata hivyo, kijito kilikuwa kile kile chembamba. Ng'ambo tuliweza kuliona gari letu. Wanafunzi walikuwa na mtihani Jumatatu. Muuguzi mmoja alikuwa na zamu usiku huo. Mwalimu akaanza kuuliza, mmoja baada ya mwingine. "Tuvuke." "Tuvuke, kwa mstari." "Naona twaweza." Watu tisa walisema ndiyo.

Nilikuwa wa kumi. Msomaji, moyo ulinidunda kuliko siku ile ya kivuko cha saruji. Nilisikia tena kile kicheko nyuma ya kisogo changu. Nilijua kwamba nikisema ndiyo, hakuna atakayenilaumu. Na nikisema hapana, nitakuwa nimewaharibia wote safari.

"Hapana," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

Mwalimu hakuuliza sababu. "Haya," akasema, "tutafute daraja." Askari wa msitu alilijua moja, lakini lilikuwa mbali. Tulitembea kwa saa tatu, nusu yake gizani, katika matope, kwa mwanga wa kurunzi. Muuguzi alichelewa kazini na kugombezwa. Hakuna aliyenicheka, lakini hakuna aliyeongea nami sana pia.

Ungependa nikuambie kwamba usiku ule maji yalipanda yakang'oa miti, ili ionekane kwamba niliokoa watu kumi. Siwezi, maana sijui. Huenda tungevuka salama salimini na kuwahi nyumbani. Hilo ndilo gumu la kusema hapana mbele ya maji: huachi ushahidi. Anayevuka na kufika huitwa shujaa, na aliyerudi nyuma hana cha kuonyesha ila viatu vya matope. Kwa hivyo watu huendelea kuvuka, hadi siku moja hawafiki. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na kicheko cha watu hakipimi kina.

Nimekuandikia haya kwa sababu wengi wetu wa mjini hatutaona Mathioya wala msitu wa Aberdare, lakini sote tutarudi nyumbani siku moja ya mvua na kukuta maji yamefunika njia. Huwezi kuona kama saruji ya chini bado iko. Huwezi kujua kama kifuniko cha mtaro kimeondoka. Ukiwa ndani ya matatu na dereva anataka kujaribu, una haki ya kusema, "Nishushe hapa." Ukiwa na mtoto, basi usitafute hata kujua kama mngeweza. Tafuteni daraja. Pigeni simu nyumbani mseme mtalala kwa jamaa.

Kabla sijaileta makala hii kwa mhariri, ilinibidi nimwambie mama watoto ukweli wa jioni ile, kwani sikutaka ausome gazetini pamoja nawe. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunikemea, afadhali angenikemea. Aliinuka, akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha watoto kwa muda mrefu.

Binti yetu, ambaye tulidhani amelala, ndiye aliyevunja kimya. "Si kiatu tu, mama," akasema kutoka gizani. "Na mwavuli wangu pia."

Siku hizi mvua ikinyesha, mimi na yeye huzunguka hadi daraja la barabara kuu. Ni mwendo wa dakika arobaini zaidi. Hatembei tena nyuma yangu kimya. Hunishika mkono na kunieleza habari za shule njia nzima. Mabegani bado hapandi, nami simharakishi.